Riziki ya mtoto wa kisiwani: barua ya wazi kwa viongozi wa Mkoa wa Mwanza

Kwa Mkuu wa Mkoa, wabunge na madiwani wote wa Mkoa wa Mwanza, na kwa mawaziri wenye dhamana ya afya, elimu na uvuvi

Waheshimiwa,

Nawasalimu kutoka Nansio. Mimi ni mkunga mstaafu. Nimezalisha akina mama kwenye visiwa vya Ukerewe na ng'ambo ya maji, jijini Mwanza, kwa zaidi ya miaka thelathini, na wengi niliowapokea kwa mikono hii ndio wanaoniamkia shikamoo sokoni leo. Nawaandikia kuhusu idadi ya watu. Najua jambo hili likitajwa kikaoni, ukumbi hugawanyika. Wapo wanaosema wingi ni nguvu, tuzae tu. Wapo wanaosema, tena mbele ya wanawake wenyewe, kwamba maskini wanazaliana ovyo. Nimekaa kwenye vikao vya aina zote mbili, na vyote vimeniumiza, kwa sababu sijasikia mtu akiuliza swali la kwanza: zamani ni nini kilikuwa kinawazuia watu wasiongezeke namna hii, na kitu hicho kimekwenda wapi?

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mkara wa Ukara. Siku moja, nikiwa nimetoka chuo cha uuguzi na kujiona najua kila kitu, nilimuuliza alizaa watoto wangapi. Alikuwa anapepeta kunde. Akachambua kunde kumi na moja, akazipanga kwenye ukingo wa ungo. Kisha akaanza kuzisogeza kwa ncha ya kidole, moja moja. Huyu surua. Huyu naye surua, wiki hiyo hiyo. Huyu degedege. Huyu aliharisha usiku, kulipokucha hayupo. Huyu kitovu, akasema, nami nikajua ni pepopunda. Wawili hakuwasemea neno, aliwasogeza tu. Zikabaki nne. Mama yangu alikuwa mmoja wa hao wanne. Bibi akazichanganya tena zote, akaendelea kupepeta.

Nimesoma vitabu tangu siku ile, lakini jibu la swali langu liko kwenye ule ungo. Kwa sehemu kubwa ya maisha ya binadamu hapa duniani, Ulaya, Asia na kwetu, karibu nusu ya watoto walikufa kabla hawajawa watu wazima. Mwanamke alizaa sita, saba au zaidi, na waliobaki kuja kuzaa tena walikuwa wawili na ushei. Fanyeni hesabu ndogo mwone. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 nchi yetu iliongezeka kwa asilimia 3.2 kila mwaka. Kwa mwendo huo watu huwa maradufu katika miaka 22 hivi. Chukueni mume na mke, wapeni mwendo huo bila kuukatiza: miaka 700 na kitu haitapita kabla uzao wao haujafika bilioni 8, dunia nzima ya leo. Na binadamu ameshika jembe zaidi ya miaka 10,000. Kwa hiyo mwendo kama wetu haujawahi kudumu muda mrefu mahali popote. Kila ulipoanza, kuna kitu kiliukata, na mara nyingi kilianzia kwenye mkeka wa mtoto mchanga.

Huku ziwani kitu hicho kilikuwa na majina. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilipita sotoka, ikamaliza ng'ombe. Nyuma yake zikaja njaa na ndui. Wakaja na funza, ambao waliingia Afrika kupitia pwani ya Angola mwaka 1872 na kulivuka bara wakila watu vidole vya miguu. Ng'ombe walipokwisha na mashamba yalipokosa watu, vichaka vilirudi, na pamoja na vichaka wakaja mbung'o. Tangu kama mwaka 1900 malale iliuvamia mwambao wa kaskazini, Busoga na Buganda, Uganda ya leo, ikaua watu zaidi ya 200,000. Mwaka 1906 Robert Koch, yule daktari Mjerumani, alifika hapa Mwanza, kisha akaenda visiwa vya Ssese, huko huko Uganda, kujaribu dawa ya atoksili, ambayo iliwapofusha baadhi ya wagonjwa. Mwishowe serikali ya Waingereza iliwahamisha wakazi wa Ssese, visiwa vikaachwa na watu kwa miaka. Kila nivukapo usiku na kuona taa za wavuvi wa dagaa zimetanda kama mji juu ya maji, huwa navifikiria visiwa vile, bila hata moshi wa jiko moja.

Sasa nije kwenye kauli ambayo wataalamu wanapenda kuibeza. Wazee wetu walisema kila mtoto huja na riziki yake, na watu wangu bado wanasema. Nawaomba msiibeze. Ilikuwa kweli, na riziki yenyewe najua ilikuwa wapi.

Ukara ni kisiwa kidogo, kilometa za mraba hazifiki mia. Wakara waliishi pale kwa kubanana kuliko karibu watu wote wa jirani, na waliweza kwa sababu walifanya kazi ambayo sijaiona kwingine. Ng'ombe walifungwa ndani, kwenye shimo, wakaletewa majani. Samadi ilichotwa, ikabebwa kichwani hadi shambani. Katikati ya uwele walipanda marejea, kisha wakayafukia yarutubishe udongo. Hata nyasi za kando ya maji zilipandwa na zilikuwa na mwenyewe. Bibi alikuwa na kovu la kudumu utosini, upara wa duara, kwa kubeba samadi tangu utoto. Hivyo ndivyo ardhi ilivyolazimishwa kulisha midomo zaidi. Lakini hata ardhi ya Ukara ilikuwa na mwisho wake, na kijana aliyekosa shamba alipanda mtumbwi. Mjomba wangu alihamia Geita. Huko, wanasema nyumbani, hakubeba samadi hata siku moja. Ya nini, na pori lilikuwa tele? Ndivyo walivyofanya Wakara wengi waliohamia bara: waliyaacha maarifa yale magumu kisiwani.

Wasukuma nao walifyeka vichaka, wakawafukuza mbung'o, wakasogea Geita, na tangu miaka ya 1970 wakateremka na ng'ombe wao hadi Rukwa na bonde la Usangu. Waliobaki ziwani wakaletewa riziki nyingine: sangara. Aliingizwa humu katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amejaa ziwa zima. Aliwala furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, hadi aina nyingi zikatoweka, lakini alituletea viwanda vya minofu, na watoto wengi wa Ukerewe wamevaa sare za shule kwa pesa ya sangara.

Kwa hiyo mtoto alikuja na riziki yake kweli, na riziki ile ilikuwa ni pori la kuhamia na samaki ambaye hakuwa amevuliwa bado. Sasa niambieni, waheshimiwa, pori lile liko wapi? Wafugaji waliondolewa Usangu mwaka 2006. Geita imejaa. Na mwaloni, wanakoshushia samaki, kila asubuhi nawaona sangara wa kupima kwa kiganja, ambao hawakupewa nafasi ya kutaga hata mara moja.

Wakati huo huo sisi wauguzi tulikuwa tunaiondoa breki ya zamani, vifo vya watoto. Nasema hivi kwa fahari, sitaki mtu anielewe vibaya. Mpango wa chanjo wa taifa ulianza mwaka 1975. Mwaka 1980 dunia ilitangaziwa kwamba ndui imekwisha. Zikaja chumvichumvi za kumnywesha mtoto anayeharisha, vyandarua vyenye dawa, dawa mseto ya malaria. Mwaka 1999, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa Tanzania, 147 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Katika utafiti wa 2022 walikuwa 43. Zile kunde saba za bibi sasa zinabaki kwenye ungo. Katika maisha yangu sijaona jambo jema kuliko hili.

Ila uzazi haukushuka kwa haraka ile. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanamke wa Tanzania alizaa wastani wa watoto zaidi ya 6. Mwaka 2022 ilikuwa 4.8, na Kanda ya Ziwa sisi tuko juu ya wastani huo. Msishangae, na msitutukane. Mwanamke aliyelelewa na mama aliyezika watoto haamini jedwali la takwimu, anaamini alichokiona. Atazaa wa akiba mpaka ahakikishe kwamba wa kwanza wanakua. Ulaya ilichukua vizazi kadhaa kuamini. Katika pengo hilo, vifo vikiwa vimeshuka na uzazi haujashuka, ndimo watu huongezeka. Sensa ya 1967 ilituhesabu milioni 12.3. Ya 2022 ilituhesabu milioni 61.7, mara tano katika miaka 55. Mkoa wetu wa Mwanza ulitoka watu 2,772,509 mwaka 2012 ukafika 3,699,872 mwaka 2022. Gaweni tofauti ile kwa siku: kila kunapokucha, mkoa una watu 250 hivi zaidi ya jana, waliozaliwa pamoja na waliohamia. Wangekuwa wote wanafunzi wa darasa la kwanza, mngetakiwa kufungua madarasa matano na nusu ya watoto 45 leo, na mengine kesho.

Najua wengine mtasema teknolojia italeta riziki mpya, kama sangara alivyokuja. Inawezekana. Lakini nimeona breki ya zamani ikijaribu kurudi, nami sikuwa nimelala. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walitambuliwa Kagera, ng'ambo tu ya maji. Miaka iliyofuata niliwavalisha sanda wauguzi wenzangu, vijana, na mialo ya visiwani ilipoteza wavuvi wa rika moja karibu wote. Kipindupindu nacho hakijasahau njia. Kinasubiri mvua ioshe vyoo vya milimani na kuviteremsha ziwani kwa mto Mirongo unaokatiza jiji la Mwanza, tuyachote maji hayo kwa ndoo. Kila tunaposhindwa kuchagua wenyewe, kifo huwa tayari kutuchagulia. Hilo ndilo ninaloogopa, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kuna mahali wamechagua wenyewe, nami nataka mpatazame kwa sababu nao ni watu wa kisiwa. Mauritius, baada ya Vita Kuu ya Pili, walipiga dawa wakaipunguza malaria kwa kasi. Vifo vikaanguka, na katika miaka ya 1950 watu wakawa wanaongezeka kwa karibu asilimia 3 kwa mwaka, sawa na sisi leo. Kisiwa kilikuwa kinaishi kwa miwa, na wataalamu waliotumwa huko waliandika kwamba balaa haliepukiki. Halikuja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mwanamke wa Mauritius alizaa karibu watoto 6. Kufikia mwaka 1980 walikuwa wamebaki kama 3. Hakuna aliyelazimishwa. Wasichana walisoma, wakapata kazi viwandani, na huduma ya uzazi wa mpango ikawafikia kila kijiji. Kanisa Katoliki, ambalo ndilo kanisa langu, lilifundisha njia za asili, serikali ikalisaidia kwa fedha kama ilivyowasaidia waliotoa vidonge. Sijaacha kulitafakari hilo. Padri na nesi walifanya kazi ya kijiji kimoja bila kutukanana.

Hapa kwetu nataka kuwaeleza jambo moja nililoliona kwa macho, kwa sababu ripoti zenu haziwezi kulibeba. Miaka michache kabla ya kustaafu, kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja, alikuja mama kutoka kambi ya dagaa. Mtoto wa miezi saba alikuwa mgongoni, wengine wanne kawaacha kwa jirani. Alipanda boti alfajiri, kisha pikipiki, na nauli alikuwa ameifunga kwenye pindo la khanga kwa wiki tatu. Alitaka kijiti, kile cha kuwekwa mkononi kuzuia mimba. Alikuwa amezungumza na mumewe, mume kakubali, na ninyi mnaojua kambi zetu mnajua hiyo peke yake ni safari. Nikafungua kabati. Vijiti hakuna. Nikatafuta sindano za miezi mitatu. Hakuna. Boksi lilikuwepo, ndani yake mna karatasi ya maelezo. Nikamwambia arudi baada ya wiki mbili. Akaniangalia, hakusema kitu, akajifunga mtoto vizuri akaondoka kuwahi boti.

Nilimwona tena baada ya miezi kadhaa. Alikuwa amekaa kwenye benchi lingine, la kliniki ya wajawazito. Hakunilaumu. Nilipokuwa namwandika kwenye kitabu cha MTUHA, rejista ya takwimu za kituo, alisema tu, kwa sauti ya chini, "Nesi, mimi nilikuja."

Nimeibeba sentensi ile miaka yote hii. Kwenye takwimu zenu mama yule amehesabiwa kuwa ni mwanamke wa Kanda ya Ziwa anayezaa sana. Alikuja, waheshimiwa. Sisi ndio hatukuwepo.

Kwa hiyo sitawaomba kampeni, wala mabango yenye picha ya familia ya watoto wawili wanaotabasamu. Naomba kila mwezi kila halmashauri ibandike ukutani, kwenye kila zahanati na kwenye ofisi ya kijiji, orodha ya vijiti, sindano, vidonge na vitanzi vilivyopo na vilivyokwisha, na diwani aulizwe kwenye baraza kwa nini vimekwisha, kama anavyoulizwa kuhusu madawati. Naomba kliniki iwafuate watu mialoni. Mbalamwezi ikiwa pevu dagaa hawavuliwi, taa hazifui dafu mbele ya mwezi, na kambi nzima huwa nchi kavu, wanaume kwa wanawake, wakishona nyavu na kupiga soga. Hizo ndizo siku za kupeleka huduma, na ndizo siku za kuongea na wanaume, ambao tumewasahau kisha tunawalaumu. Ratiba za kliniki tembezi zipangwe kwa kufuata mwezi wa angani. Ule wa kwenye kalenda ya ofisi haujui mvuvi yuko wapi.

Na chanjo zisitetereke. Mkitaka mwanamke azae wanne badala ya wanane, kwanza hakikisheni wanne wake hawafi. Hapo hakuna njia ya mkato, na anayetaka kupunguza bajeti ya watoto ili kupunguza watoto hajui anachokifanya.

Kuhusu wasichana nitasema machache kwa kuwa mnayajua. Novemba 2021 serikali iliruhusu aliyepata mimba arudi shule, na nililia kwa furaha. Lakini kurudi ni kwa aliye na shule ya kurudia. Kwenye visiwa vidogo binti anayemaliza darasa la saba anavuka maji kwenda sekondari, anapangishiwa chumba uswahilini, na anayemlipia kodi baada ya miezi mitatu mara nyingi si baba yake. Jengeni mabweni. Bweni moja la wasichana kisiwani lingepunguza kazi ya wodi yangu kuliko semina zote nilizohudhuria. Na kuhusu Sheria ya Ndoa ya 1971, ile inayomruhusu binti wa miaka 15 kuolewa, Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 2019 kwamba ruhusa hiyo inakiuka Katiba. Wabunge wetu, mlisikia.

Nawaomba pia mpange kwa ukweli. Zaidi ya 40 kati ya kila Watanzania 100 wana umri chini ya miaka 15. Hao wameshazaliwa, nao watakuwa mama na baba. Hata kama kuanzia kesho kila mwanamke angezaa wawili tu, mkoa utaendelea kukua kwa miongo kadhaa. Ziwa litahitajika kuwalisha, kwa hiyo makokoro na nyavu za macho madogo zikomeshwe kuanzia kwa wanaoziuza na kuziingiza. Tuache kuanzia kwa kijana anayechomewa wavu wake wa mkopo ufukweni huku mfanyabiashara akiangalia. Milima ya Mabatini na Igogo jijini Mwanza itapandwa na watu zaidi, kwa hiyo mabomba ya majitaka yatangulie nyumba. Na yale maarifa ya Ukara, samadi na marejea, yaliyokuwa yanaachwa kisiwani kila kijana alipohama, yafundishwe Sengerema, Misungwi na Kwimba, kwa kuwa sasa hakuna pori la kukimbilia.

Msituwekee idadi ya kuzaa. Niliwahi kusikia kiongozi akipendekeza faini kwa mtoto wa tano, nikatoka nje ya ukumbi. Watu wetu hawahitaji kutishwa, wanahitaji kukuta kabati lina kitu.

Mbalamwezi pevu ijayo kambi za dagaa kuzunguka Ukerewe zitakuwa zimejaa watu waliopumzika. Naomba boti moja, wauguzi wawili, kikapu cha chanjo chenye barafu, na boksi la vijiti ambalo ndani yake mna vijiti. Mkiwa tayari, nijulisheni. Njia za kwenda kambini nazijua, hata usiku, na magoti yangu bado yanapanda boti. Nitawasubiri gatini Nansio.

Wenu,
Mkunga mstaafu,
Nansio, Ukerewe